Maji ya Moto kwa Tanuri la Nje

Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa sikukuu ya miaka 10 ya Chama Kikuu



 Walionitangulia wametaja uzito wa chai iliyokusanywa na fedha zilizolipwa kwa wakulima. Mimi nimetakiwa kusema juu ya jambo lenye sura ndogo, nalo ni maji ya moto ya nyumbani. Asiwepo wa kudhani kuwa jambo hili halistahili kutajwa katika mkutano mkubwa kama huu. Faida ya ushirika haipimwi kwa mizani ya ghala peke yake. Hupimwa pia kwa hali ya mwanachama arudipo shambani jioni ya mwezi wa Juni, nguo zimelowa umande na vidole vimekufa ganzi.

Nchi yetu ya Njombe iko yapata mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na sehemu zake nyingine zaidi ya hapo. Upande wa Makete na uwanda wa Kitulo, sakitu huonekana alfajiri katika miezi ya Juni na Julai. Majira hayo hakuna aogaye maji ya baridi kwa hiari yake, na kwa mzee, mtoto mchanga na mzazi aliyejifungua juzi haifai kabisa. Kwa hiyo kila jioni sufuria kubwa hutelekwa juu ya mafiga jikoni, huku mama amekaa kando yake akipuliza moto na kufuta machozi ya moshi.

Moshi huo si machozi tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mnamo mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa maradhi yatokanayo na hewa chafu ya majumbani, na moshi wa kuni na mkaa ni sehemu kubwa ya uchafu huo. Wavutao moshi huo zaidi ni wale wakaao jikoni, yaani mama zetu, na watoto waliobebwa mgongoni. Basi lolote litakaloutoa moto wa maji ya kuoga nje ya nyumba, bila ya kuongeza mzigo wa kuni, ni jambo la kufikiriwa na chama.

Tanuri ninalolinena si kitu kigeni. Nchini Kenya huitwa kuni boosta, na huko Afrika Kusini watu wamelipa jina la punda, nadhani kwa kuwa hubeba mzigo bila ya manung'uniko. Umbo lake ni hili. Nje ya ukuta wa chumba cha kuogea hujengwa kijumba cha matofali ya kuchoma chenye mlango mdogo wa kutilia kuni, wavu wa chuma wa kushikilia kuni ili hewa ipite chini yake, na dohani ya kutolea moshi. Ndani yake hulazwa pipa la chuma, na moto hupita chini na ubavuni mwa pipa kabla ya kuondoka. Tangi la maji ya baridi huwekwa mahali palipoinuka kuliko pipa. Bomba la maji ya baridi huingia chini ya pipa, na bomba la maji ya moto hutoka juu yake. Hapahitajiki mashine wala umeme, maana maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, nayo hupanda yenyewe. Na koki ifunguliwapo bafuni, maji ya tangi hushuka na kuyasukuma yale ya moto.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu mkulima asiyehesabu huuza mali yake gizani. Pipa la kawaida huchukua lita 200. Kuyatoa maji hayo kutoka nyuzi 15 hadi nyuzi 60 za Selsiasi kwahitaji joto la megajuli 38 hivi. Kilo moja ya kuni zilizokauka vema ina megajuli 15 kwa makisio. Tukiweza kuingiza nusu ya joto hilo majini, kilo 5 za kuni zatosha. Lakini tukiacha moto uwake ovyo, sehemu moja tu kati ya tano ikaingia majini na nyingine zote zikapotea hewani, tutahitaji kilo 12 au 13 kwa kazi ile ile. Tofauti hiyo ndiyo tofauti ya tanuri lililojengwa na fundi na pipa lililotupwa juu ya mawe. Pipa lililowekwa juu ya moto wa wazi halina faida hata kidogo kuliko mafiga.

Hesabu ya pili ni ya haja. Ndoo moja ya maji ya nyuzi 60 ikichanganywa na ndoo moja ya maji ya baridi hutoa ndoo mbili za vuguvugu la kuogea. Jamaa ya watu 8, kila mmoja akioga lita 20, inahitaji lita 80 tu za maji ya moto. Kwa nyumba ya namna hiyo pipa la lita 100 latosha, nalo hula nusu ya kuni za pipa kubwa. Wako watakaotaka pipa kubwa kwa ajili ya fahari, na moto uwake kutwa kucha ili wageni waone. Nawaambia wazi kwamba tanuri la namna hiyo litakula kuni nyingi kuliko mafiga liliyokuja kuyaondoa, na mzigo wake utarudi kichwani pa mama yule yule. Moto na uwashwe mara moja jioni, maji yapate joto, kisha mlango wa tanuri ufungwe. Pipa likizungukwa na ukuta mnene na sehemu yake ya juu ikafunikwa kwa tabaka nene la majivu makavu, maji yatakuwa na uvuguvugu hata asubuhi.

Bwana Mwenyekiti, sasa naingia katika neno zito kuliko yote, nalo ni hatari. Tahadhari kabla ya hatari.

Kwanza, pipa lisifungwe kamwe pande zote. Maji yakipata moto hutanuka. Na yakichemka, lita moja ya maji hugeuka kuwa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Mvuke uliokosa njia hulipasua pipa la chuma kama bomu, na aliye karibu hasalimiki. Kwa hiyo juu ya kila pipa lazima pawe na bomba la pumzi, lililo wazi daima, linalopanda kupita usawa wa maji ya tangi na kupinda mdomo wake chini. Bomba hilo halitiwi koki, halizibwi kwa kitambaa, wala halipunguzwi urefu kwa kuokoa shilingi chache. Kumbukeni pia kwamba kwa kimo cha nchi yetu maji huchemka yapata nyuzi 93 au 94, wala hayangoji 100. Mvuke huja mapema kuliko vitabu vya pwani visemavyo.

Pili, moto usiwashwe kabla ya kuhakikisha kwamba pipa limejaa. Pipa tupu huungua, na maji ya baridi yakiingia ghafula juu ya chuma chekundu hutoa mvuke kwa kishindo.

Tatu, lisitumiwe pipa lililokuwa na dawa ya wadudu au ya magugu, hata likioshwa mara saba. Na pipa lililokuwa na petroli lisipelekwe kwa mchomea vyuma, kwa sababu harufu iliyobaki ndani hulipuka ikikutana na cheche. Hali kadhalika, maji ya pipa ni ya kuoga na kufulia, si ya kunywa.

Nne, maji ya nyuzi 60 humwunguza mtu kwa sekunde chache tu, na ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi. Koki ya moto iwekwe juu, mkono wa mtoto usipofika, na katika beseni maji ya baridi yatangulie ndipo ya moto yafuate.

Tano, tanuri lisijengwe ndani ya chumba kwa kisingizio cha mvua. Moto uliofungiwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, imwuayo mtu usingizini. Wala lisikae chini ya ukingo wa paa la nyasi.

Nageukia kuni zenyewe. Kuni mbichi huweza kuwa na maji nusu ya uzito wake, na moto hulazimika kuyachemsha maji hayo kwanza kabla ya kuyafikia yale ya pipa. Matokeo yake ni moshi mwingi na joto haba. Mkulima mwenye busara hukata kuni zake mwezi wa Mei, mvua zikiisha, huzipasua, huzipanga juu ya magogo zisiguse ardhi, huziacha zipigwe na upepo wa kiangazi chote, kisha huziingiza bandani kabla ya mvua za Novemba. Kuni hizo ndizo za Juni ifuatayo. Kadhalika matawi ya chai na ya miparachichi yaliyopogolewa yasichomwe shambani bure. Yakikauka ni kuni njema kwa moto mfupi.

Miti ipo ya kupanda. Miwati tunaifahamu sana hapa Njombe, nayo huwa tayari kwa kukatwa baada ya miaka 8 au 10. Mikaratusi hukua upesi, ila hunywa maji mengi. Isipandwe karibu na chemchemi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mpaka wa mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, nasi tuuheshimu mpaka huo kwa faida yetu wenyewe, maana tanuri lisilo na maji ni tofali tu.

Huenda mjumbe akauliza: Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaokusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, je, sisi twarudi nyuma kwenye kuni? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba jiko la gesi litapika ugali, lakini ni wachache kati yetu wawezao kuchemsha kwa gesi maji ya kuoga ya jamaa nzima kila jioni. Awezaye kununua mtambo wa jua na aununue, na katika miezi ya jua kali atapumzika kukata kuni. Lakini katika ukungu wa Juni jua hujificha, na haja ya maji ya moto ndipo inapozidi. Tanuri la nje ni daraja la kuvukia; halikujengwa ili tulale juu yake.

Kwa hiyo naiomba Halmashauri ifikirie mambo matatu. La kwanza, mabomba, koki na mapipa mapya yanunuliwe kwa pamoja, ili mwanachama mmoja mmoja asilipe bei ya rejareja. La pili, chama kiteue mafundi wachache na kuwafunza, na tanuri lolote lililojengwa kwa mkopo wa chama lisiwashwe mpaka fundi amelikagua bomba la pumzi kwa macho yake. La tatu, asipewe mkopo mtu asiyekuwa na miti yake aliyoipanda, au kitalu kilicho tayari kupandwa. Najua sharti hili la tatu litawaudhi wengine. Lakini tukitoa matanuri mia kabla ya miti, misitu ya vijiji itayalipa madeni yetu, na wajukuu wetu watatuuliza tulikuwa tukisherehekea nini.

Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kwa miaka 10 tumeviunganisha vinga vyetu katika kuuza mazao. Sasa tuviunganishe ili mama aliyechuma chai tangu alfajiri apate ndoo ya maji ya moto bila ya kuilipia kwa macho na mapafu yake.

Hoja hizi tatu naziweka mbele ya mkutano.