MATAIRI YANAYOTELEZA WAKATI WA MVUA

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi kabla ya mvua ya masika



Kamati imetuomba tuseme juu ya matairi yasiyoshika barabara wakati wa mvua. Pengine mtu atauliza, watu wa reli wana shauri gani na matairi? Shauri letu ni hili. Maji yakikata njia ya reli, mara nyingi gengi hupelekwa kwa lori. Na njia haikatiki wakati wa jua. Sisi husafirishwa siku ile ile ambayo wenye nafasi ya kuchagua wamebaki nyumbani, tena usiku, tena tumekaa nyuma pamoja na majeki na sururu. Mwaka wa 2024, mvua ya masika ilipoharibu barabara nyingi za nchi hii, tuliopanda malori tulikuwa na haja kubwa ya kujua tairi lililo chini yetu lina hali gani.

Tena kuteleza twakujua zamani, maana kazi yetu ni chuma juu ya chuma. Dereva wa gari moshi hujifunza mapema kwamba mvua kubwa si adui yake wa kwanza. Adui ni manyunyu, na umande wa alfajiri. Reli ina vumbi na mafuta juu yake. Maji kidogo yakichanganyika na uchafu huo hufanya utelezi kama wa sabuni, na magurudumu huzunguka pale pale wakati treni haiendi. Mvua kubwa huosha reli, na mambo hupata nafuu. Kwa sababu hiyo injini huwa na sanduku la mchanga. Yale magari makubwa ya moshi ya aina ya 59, yote 34 yaliyoundwa Manchester na Beyer Peacock kuanzia mwaka 1955, yalikuwa na mchanga wa kumwaga mbele ya magurudumu, na injini za dizeli za leo zinao vile vile.

Barabara ya lami ina tabia hiyo hiyo. Jua likiwaka miezi miwili au mitatu, lami hukusanya mafuta yanayodondoka, moshi wa dizeli, vumbi, na unga wa matairi ya watu wote waliopita. Mvua ya kwanza ikinyesha robo saa tu, uchafu wote huo huelea juu. Dereva aliyekwenda salama jana mahali pale, leo aona usukani umekuwa mwepesi mkononi. Lakini dereva wa lori hana sanduku la mchanga. Hana kitu ila mpira. Na mahali tairi moja la motokaa linapogusa barabara si pakubwa kuliko kiganja cha mkono wa mtu. Viganja vinne, basi, ndivyo vinavyoshika motokaa nzima na watu wake.

Sasa tuseme tairi lafanyaje kazi. Ile mifereji iliyochongwa juu yake si pambo. Ni njia ya maji kutoka ili mpira uiguse lami. Mifereji ikiisha, maji hayana pa kwenda, hujikusanya mbele ya tairi kama kabari, na mwendo ukizidi huliinua tairi. Hapo motokaa inaelea kama mtumbwi. Ukikata usukani haigeuki, ukikanyaga breki haisimami. Mabingwa wa shirika la NASA la Marekani walilipima jambo hili na kuandika hesabu yake mwaka 1963. Waligundua kwamba upepo ulio ndani ya tairi ni jambo kubwa. Kwa hesabu yao, maji yakiwa mengi barabarani na mifereji ikiwa imeisha, tairi lenye upepo wa pauni 36 huanza kuelea mwendo ukifika karibu kilomita 100 kwa saa. Upepo ukishuka hadi pauni 25, laanza karibu kilomita 83. Yaani mtu asiyepima upepo amejipunguzia kilomita 17 bila kujua. Lori lenye shehena haliinuki upesi namna hiyo, maana upepo wake ni mwingi na uzito wake ni mkubwa. Lori tupu ni habari nyingine, na tutalirudia.

Uingereza na Ulaya wamekataza motokaa ndogo kutembea na mifereji iliyopungua milimita 1.6. Utazame ndani ya mfereji wa tairi la motokaa, utaona vinundu vidogo vya mpira vilivyopita toka upande huu mpaka upande huu. Tairi likiisha mpaka likawa sawa na vinundu hivyo, umefika mwisho. Mafundi wengi hawangoji hapo, hushauri tairi libadilishwe likibaki na milimita 3, kwa sababu breki katika maji huharibika mapema kabla ya kufika 1.6.

Lakini twataka mkae zaidi juu ya jambo lifuatalo, maana ndilo linalowaponza madereva wengi: tairi laweza kuwa na meno mazuri kabisa na bado likateleza. Karani wa stoo alitazama akasema, hili bado zima, rudi kazini. Mpira huzeeka. Jua na hewa huukausha ukawa mgumu kama soli ya kiatu cha zamani, na mpira mgumu hauingii katika vijishimo vidogo vya lami. Ubonyeze kwa ukucha, utajua. Tena usome ubavuni, mahali palipoandikwa DOT. Mwisho wake pana tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2311, tairi hilo lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2011. Ikiwa laitwa jipya kwa sababu limetoka stoo leo, umwulize aliyekupa.

Tena yako matairi yaliyotengenezwa magumu tangu kiwandani. Mwenye kununua apenda tairi linalokwenda maili nyingi kwa bei ndogo, na mwenye kiwanda asiye na uangalifu humpa hilo, na wa kulipa tofauti ni dereva siku ya mvua. Huko Ulaya, toka Novemba 2012, tairi jipya lazima liuzwe na karatasi inayoonyesha kwa herufi linavyoshika barabara yenye maji, na A ndiyo bora. Kati ya herufi bora na iliyo mbaya, motokaa inayokwenda kilomita 80 kwa saa yaweza kusimama mbali zaidi kwa mita 18 hivi. Mita 18 ni matatu tatu zimepangwa mstari mmoja na watu wake ndani. Wanunuzi wetu waangalie bei, sawa, lakini na herufi hiyo waitafute.

Madereva wa motokaa zilizotoka Japani wamelalamika juu ya jambo lingine. Baadhi ya motokaa hizo hufika na matairi ya theluji, yameandikwa STUDLESS ubavuni. Yana meno mengi madogo madogo, mtu huyatazama akayasifu. Yalifanywa kwa barafu na baridi kali. Kwenye lami yetu yenye joto na maji, meno yale hulegea na motokaa huchelewa kusimama. Mwenye nayo asidanganywe na wingi wa meno.

Na wale vijana wanaochonga mifereji mipya kwa kisu cha moto kando ya barabara? Yako matairi ya malori yaliyoandikwa REGROOVABLE, ambayo yana mpira wa ziada wa kuchongwa na fundi anayejua kipimo. Tairi lisilo na neno hilo likichongwa, kisu chafika karibu na nyuzi. Hatuwalaumu vijana, watafuta chakula. Twamlaumu anayempeleka dereva kwao ili polisi aone mifereji.

Turudi kwa lori tupu. Desturi ya magari mengi ni kuweka matairi mazuri mbele na kuyapeleka yaliyochoka nyuma au kwenye trela, kwa kuwa wasema nyuma hapapindi kona. Ndugu zetu wa malori wajua matokeo yake. Ukiwa umeshusha shehena, uzito wa kuyabana matairi ya nyuma haupo. Unateremka, manyunyu yameanza, unagusa breki kidogo tu, na mkia waanza kuja ubavuni. Trela yenye tairi kipara husukuma kichwa mpaka gari lakunjana kama kisu cha mfukoni. Mbele pakiteleza dereva huhisi mapema kwenye usukani. Nyuma pakiteleza, apata habari akiwa amekwisha kuelekea kwingine.

Hivyo ndivyo ilivyompata mwenzetu mmoja, dereva wa mwajiri ambaye jina lake tutaliacha. Alikuwa akitoka upande wa Kericho, ambako mvua ya alasiri haikosi, na lori lilikuwa tupu. Matairi ya nyuma yalikuwa na meno, ila yalikuwa na umri wa miaka kumi na zaidi. Alikuwa amemwambia msimamizi mara mbili. Lori lilizunguka likagonga kingo ya daraja, na utingo wake akavunjika mkono. Mwajiri akasema ni mwendo wa kasi, akaanza kumkata mshahara kila mwezi kwa gharama ya lori. Dereva alipokuja kwetu, tulimwuliza jambo moja: ulipomwambia msimamizi, uliandika? Hakuandika. Tukabaki na ushahidi wa utingo peke yake, na ule wa fundi aliyeyaona matairi. Makato yalisimamishwa, lakini zile fedha zilizokwisha kukatwa mpaka leo amerudishiwa nusu.

Basi mjue sheria. Sheria ya Trafiki yasema gari na vifaa vyake, na matairi yametajwa kwa jina, viwe katika hali isiyohatarisha watu barabarani wala waliomo ndani. Dereva ndiye anayekamatwa kwanza, kwa hiyo asiseme ni shauri la mwenye gari. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanya kazi amwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa, na mwajiri asimrudishe penye hatari hiyo kabla ya kuiondoa. Na Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo yaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanya kazi aliharibu kwa makusudi. Kuteleza juu ya tairi bovu ulilolitangaza si makusudi.

Twajua jibu litakalotolewa na baadhi yenu. Nikikataa gari, wako kumi langoni wanaolitaka. Ni kweli, na hatuwezi kuwaambia kwamba barua itawajaza watoto chakula. Ndiyo maana hatutaki mtu mmoja aandike peke yake. Kila yadi iandike siku moja, madereva wote pamoja na utingo, na gengi wanaopanda nyuma watie sahihi pia, maana shingo ni zao vile vile. Waajiri wengine, wakiona karatasi moja yenye majina ishirini, hununua matairi juma lile lile. Tumeliona hilo mara mbili.

Kamati imepiga chapa karatasi za kazi hiyo, ziko mezani kwa katibu. Zina nafasi ya namba ya gari, tarakimu nne za kila tairi, kina cha mifereji, upepo, tarehe, na jina la msimamizi aliyepewa habari. Mwandike nakala mbili, moja mbaki nayo ninyi. Zirudishwe kabla ya mwisho wa Februari, maana masika haingojei mkutano mwingine. Fundi mmoja mwanachama ameleta kipimo cha mifereji, na atakuwa hapo nje penye malori mpaka saa kumi na mbili kumwonyesha kila mtu namna ya kukitumia.

Ndugu Mwenyekiti, hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Tumwite yule ndugu wa matatu aliyeinua mkono tangu tulipotaja STUDLESS.