Kabla Hamjanunua Taa za Kukuzia Mimea

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja)



Tumeombwa tuzungumze juu ya taa za LED za kukuzia mboga na miche ndani ya nyumba. Sababu tunaijua. Kuna kikundi hapa kati yetu ambacho kimeshatembelewa na muuzaji, na pesa za akiba ziko karibu kutoka benki. Hatukuja kuwakataza. Tumekuja tupige hesabu pamoja, maana nyoka huyo ameshatuuma sisi wenyewe.

Tulinunua taa mbili za kuonyesha watu mfano. Kwenye sanduku paliandikwa wati 1,000, na bei ilikuwa rahisi, tukafurahi. Fundi wa stima alipozipima, kila moja ilikuwa inavuta wati 110 tu. Mtu atasema, si ni vizuri basi, inakula stima kidogo? Hapana. Taa haiwezi kutoa mwanga kwa stima ambayo haikuivuta. Ile 1,000 ilikuwa ya kujilinganisha na taa za zamani, haikuwa kipimo. Miche yetu ya nyanya ilirefuka kama nyuzi, ikalala chini.

Kwa hivyo msinunue sanduku. Ombeni taa moja ya kujaribu. Zimeni kila kitu kingine, someni yuniti kwenye mita ya tokeni, washeni taa kwa muda wa masaa kumi, kisha msome tena. Taa ya wati 100 itakula yuniti moja. Ikiwa inasemekana ni ya wati 1,000 na imekula yuniti moja, mmeshajua mnazungumza na mtu wa namna gani.

Lakini wati peke yake haitoshi. Wati ni majani anayokula ng'ombe, na sisi tunatafuta maziwa. Ng'ombe wawili wanaweza kula mzigo sawa wa nepia, mmoja akatoa lita tano na mwingine kumi. Maziwa ya taa hizi hupimwa kwa maikromoli kwa jouli, yaani mwanga unaofaa mmea kwa kila kiasi cha stima. Kwenye karatasi ya taa huandikwa µmol/J. Taa dhaifu hutoa kama 1 au zaidi kidogo, na taa nzuri za siku hizi hutoa 2.5 hadi 3. Ikiwa muuzaji anawaonyesha lumeni, mwambieni hizo ni za macho ya binadamu. Mmea hauna macho.

Sasa toeni kalamu. Tuseme tunataka kumulika meta moja ya mraba kwa masaa 16 kila siku, mwanga wa kutosha letisi, ile saladi ya majani. Taa yenye 2.6 itahitaji wati 100, yaani yuniti 1.6 kwa siku. Yenye 1.3 itahitaji wati 200, yuniti 3.2. Tuchukue yuniti kuwa shilingi 25, nanyi mkifika nyumbani muweke bei mnayolipa. Tofauti ni shilingi 40 kwa siku. Kwa mwaka ni shilingi 14,600, na hiyo ni meta moja tu! Taa ya bei rahisi inaendelea kununuliwa kila mwezi kwa tokeni.

Tusiishie hapo. Hata hiyo taa nzuri inakula shilingi 40 kwa siku. Letisi ikikaa chini yake siku 35, ni shilingi 1,400. Meta moja ikibeba letisi 25, kila moja imekula shilingi 56 za stima kabla hamjahesabu mbegu, mbolea, maji na jasho. Na hatujatoa mwanga unaomwagika pembeni ya rafu. Nendeni sokoni mwulize letisi ni ngapi, halafu mtuambie. Sukuma wiki hatutaki hata kuitaja.

Miche ni habari nyingine. Meta ile ile hubeba trei tano za matundu 200, miche 1,000. Kwa siku 21 stima ni shilingi 840, yaani senti 84 kwa kila mche. Hapo kuna nafasi ya kupumua, hasa kule Limuru au Kinangop ambako mwezi wa Julai ukungu unaweza kukaa siku nyingi. Ila mkumbuke kwamba jua letu la adhuhuri, mbingu ikiwa safi, hufika karibu maikromoli 2,000 kwa meta ya mraba kila sekunde, na taa tuliyoihesabu hutoa 260. Kitalu chenye paa la nailoni kitangulie. Taa iwe ya kusaidia siku ambazo jua limekataa.

Hata wenye pesa hupiga hesabu hii. Mwaka 2022, bei ya gesi na umeme ilipopanda huko Ulaya, wakulima wengi wa nyumba za vioo nchini Uholanzi walipunguza taa au walizizima kabisa.

Mama mmoja ameuliza kama taa hizi zitafaa uyoga. Uyoga si mmea wa kijani, mwanga kidogo unautosha. Msitoe hata shilingi.

Mkiamua kununua, chagueni mwanga mweupe kuliko ule wa zambarau. Chini ya zambarau ni vigumu kuona jani linaloanza kuugua. Angalieni pia kile kisanduku cha kugeuza stima. Mara nyingi ndicho hufa kwanza, hasa kwetu ambako stima hupotea na kurudi kwa kishindo, basi kiwe cha kufunguliwa na kubadilishwa. Taa iwe ya kuvumilia maji. Na dhamana iwe ya maandishi, yenye anwani ya duka mnaloweza kufika kwa miguu au kwa matatu.

Kile kikundi chenye akiba tumekubaliana hivi. Watanunua taa moja, rafu moja, miche ya kabeji na pilipili hoho. Mweka hazina atasoma mita kila jioni na kuandika kwenye daftari la kikundi, na mwisho wa mwezi wa tatu tutakuja kulisoma pamoja nao. Pesa zilizobaki zinakaa benki.