Mama Akitoka Arobaini, Apime Sukari
(Maneno ya Ofisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa Kivinje)



Huku kwetu mwambao, mzazi hutunzwa ndani siku arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji wa pilipili manga, na bibi humsimamia. Ni desturi njema. Leo naomba tuiongezee jambo moja: mama aliyepata kisukari cha mimba, akitoka arobaini, akapime sukari.

Wakati wa ujauzito, homoni za kondo la nyuma hupunguza nguvu ya insulini, na kwa baadhi ya akina mama sukari hupanda kupita kiasi. Kondo likishatoka, kwa wengi sukari hurudi kawaida. Hapo ndipo tunapodhani kuwa yamekwisha. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2009 ulionyesha kuwa mama huyo ana uwezekano wa angalau mara 7 zaidi wa kupata kisukari cha aina ya pili baadaye. Maradhi ya moyo nayo humnyemelea. Kisukari hicho huweza kukaa miaka mingi bila dalili, huku kikiharibu macho na figo.

Njia ya kujikinga haiko mbali. Katika wiki ya 6 mtoto hupelekwa kliniki kupata chanjo. Siku hiyo hiyo mama amwambie muuguzi: "Nilikuwa na kisukari cha mimba, naomba nami nipimwe." Zahanati ikikosa kipimo, aombe rufaa ya kwenda Hospitali ya Kinyonga. Majibu yakiwa mazuri, arudie kupima kila baada ya mwaka 1 hadi 3, na kabla ya kubeba mimba nyingine.

Kunyonyesha hupunguza hatari hiyo. Kadhalika kutembea, kupunguza sukari katika chai, na kula kisamvu, kunde na samaki badala ya kuzidisha wali na maandazi.

Akina baba, nauli ya kwenda kupima ni jukumu lenu. Bibi zetu, mzazi asitoke ndani bila kukumbushwa. Tumezoea kuuliza, "Mtoto hajambo?" Tuulize pia, "Na mama je, amepima?"