Kuchagua Mpira wa Pikipiki
(Mazungumzo mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani na wa sasa, Chake Chake)



Nilipoombwa na Kamati nizungumze, niliulizwa nitasema juu ya jambo gani. Nikajibu: juu ya mipira ya pikipiki. Mjumbe mmoja alicheka, akadhani ni mzaha. Aliona kuwa mtu aliyesoma mpaka Chuo Kikuu na akakaa ofisini miaka yote hii angetuletea maneno ya maendeleo au ya maadili. Ndugu zangu, haya nitakayosema ni ya maendeleo na ni ya maadili, ila yameanzia chini, pale ambapo mpira unagusa barabara.

Sababu ya kulichagua jambo hili ni kwamba nilipofika hapa skuli mwezi uliopita nilizikuta pikipiki tisa chini ya mwembe. Nyengine ni za walimu, nyengine za vijana wa vidato vya juu walioazima kwa kaka zao. Nilizizunguka zote. Tatu zilikuwa na mipira ya vipara kabisa. Moja ilikuwa imetiwa nyuma mpira mpana wa pikipiki ya mashindano, umebanwa katika ringi nyembamba mpaka umechongoka kama mgongo wa papa. Nikamwuliza kijana mwenyewe, "Mwanangu, huu umeutia kwa sababu gani?" Akanijibu, "Mzee, hivi ndivyo wanavyotia wale wa kwenye mashindano."

Basi leo nataka tuanze na hao hao wa kwenye mashindano. Tuwaulize wao huchaguaje mipira, kisha turudi nyumbani.

Sisi hapa Pemba hatuna kiwanja cha kukimbizia pikipiki. Lakini hakuna nyumba hapa isiyokuwa na jamaa Arabuni, na huko viwanja vipo. Cha Dubai na cha Losail, nchini Qatar, vyote viwili vilifunguliwa mwaka 2004, na kila kimoja kina mzunguko wa zaidi kidogo ya kilomita tano. Mtoto wa shangazi yangu anayeishi Maskati ana pikipiki ndogo ya mbio, Kawasaki Ninja 300, na amewahi kuipeleka Dubai siku ambazo watu wa kawaida huruhusiwa kulipa na kuingia. Nilimpigia simu kumwuliza. Akaniambia, "Kaka, siku ya kwanza nilikwenda na mpira wa bei kubwa kuliko wote, na siku hiyo ndiyo niliyoteleza."

Nikataka kujua vipi. Maelezo yake nayapanga hivi.

Kwanza ni ukubwa. Pikipiki ile mbele ina mpira ulioandikwa 110/70-17, na nyuma 140/70-17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, kwa kila mia ya upana; kwa hiyo ule wa nyuma una kimo cha milimita 98. Ya tatu ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Vijana wengi hutaka kuongeza upana wa nyuma, watie 160, kwa kudhani kuwa mpana zaidi hushika zaidi. Lakini ringi haikuongezeka. Mpira mpana ukiingia katika ringi nyembamba hubanwa mbavu, uso wake huchongoka, na pikipiki ikilala kwenye kona sehemu inayogusa chini haiwi ile aliyoikusudia mtengenezaji. Tena uzito umezidi, na pikipiki ndogo haina nguvu za kupoteza.

Pili ni ulaini. Mpira wa mashindano hufinyangwa kwa namna ambayo haushiki mpaka upate moto mkali. Pikipiki kubwa, kwa nguvu na uzito wake, huupasha moto huo kwa mizunguko michache. Pikipiki ndogo haiwezi. Ndiyo maana jamaa yangu aliteleza: alinunua mpira uliokusudiwa pikipiki kubwa, nao ukabaki baridi chini yake. Baadaye alitia mpira wa kawaida wa barabara wa aina ya kimichezo, unaowahi kupata joto, na ulikuwa na bei ndogo. Akawa anakwenda mbio zaidi na haanguki.

Tatu ni upepo. Mpira ukipata moto, upepo wa ndani hutanuka na kipimo hupanda. Kwa hiyo watu wa kiwanjani hupima asubuhi mpira ukiwa baridi, kisha hupima tena mara tu wanapotoka kwenye mzunguko, na hupunguza kidogo kidogo mpaka kipimo cha moto kiwe sawa. Mpanda mbio asiyekuwa na kipima upepo ni kama mpishi asiyeonja chumvi.

Mnaona, vijana, kwamba hao mnaowaiga hawachagui kwa sura wala kwa jina. Hujiuliza: chombo changu kina uzito gani, nguvu gani, kinapita juu ya kitu gani, na katika joto gani? Anayeiga mpira wao bila ya kuuiga ufikiri wao amechukua ganda akaacha kokwa.

Sasa turudi Pemba na tujiulize maswali yale yale.

Tunapita juu ya nini? Tuna lami, lakini kisiwa chetu ni cha vilima na mabonde, kona juu ya kona. Ukiacha lami unaingia kwenye kifusi na udongo mwekundu, ambao ukirowa huwa kama sabuni. Tuna masika baina ya Machi na Mei, na vuli mwisho wa mwaka. Msimu wa karafuu tunaanika kandokando ya barabara. Kiwanjani siku ya jua mpira usiokuwa na michoro ndio bora, kwa sababu mpira mwingi zaidi unagusa lami. Hapa kwetu, ile michoro tunayoiita kashata ndiyo njia ya maji kupita. Pasipokuwa na kashata, maji hukosa pa kukimbilia, mpira huelea juu yake, nawe huna breki wala usukani. Kijana anayesema kuwa kipara chake ni sawa na cha wanamashindano hajui kuwa wao mvua ikinyesha hubadilisha mipira yote na kutia yenye michoro. Na wale wanaochonga kashata mpya kwa kisu katika mpira uliokwisha, wanazidi kuupunguza ule unene mdogo uliobaki.

Tunabeba nini? Pikipiki nyingi za hapa, ambazo wengi tunaziita honda hata kama si Honda, huvaa mpira wa nyuma ulioandikwa 3.00-17 na pembeni yake 50P, au namba za karibu na hizo. Hiyo 3.00 ni upana kwa inchi. Hiyo 50 si kilo hamsini. Ni alama ya mzigo, na maana yake ni kilo 190. Herufi P ni mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Sasa tufanye hesabu ya darasa la nne. Tuseme pikipiki ina kilo 115, dereva 70, abiria 70, na gunia la kilo 50 nyuma. Jumla ni 305. Ikiwa theluthi mbili zimeegemea nyuma, mpira ule umebeba kilo 203. Umeshazidi, kabla hujaingia shimoni. Na ile 190 ni kwa mpira wenye upepo wa kutosha. Ukipungua upepo, ubavu hukunjika kila mzunguko, hupata moto, na mwisho hupasuka.

Namba nyengine ni ya umri, na hii ndiyo iliyonileta hapa. Mpira una asili ya utomvu wa mti. Utomvu mtupu hunata kwenye joto na hukatika kwenye baridi, mpaka Mmarekani Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 kwamba ukichanganywa na kiberiti na kupashwa moto hutulia. Lakini kutulia si kuishi milele. Jua na hewa huukausha mpira hata ukiwa umetundikwa dukani na haujatembea hata hatua moja. Ndiyo maana pembeni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, pana namba nne. Mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Ikiwa 2319, ulitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Ndugu zangu, mimi namba hizi nilizijua kwa kuchelewa. Mwaka 2009 nilikuwa nimeanza kazi, nimenunua pikipiki kwa mkopo, na mpira wa nyuma ulikuwa umekwisha. Niliingia katika duka moja nikauliza jambo moja tu: bei. Nikapewa mpira mweusi unaong'ara, kashata zote zimesimama, na kwa bei iliyonifurahisha. Nilijiona mjanja. Mwezi wa Oktoba, wiki moja kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne, nilimpakia mdogo wangu kumrejesha skuli kutoka Wete. Ikanyesha mvua ya kwanza ya vuli, ile inayoinua mafuta na vumbi la miezi juu ya lami. Hatukuwa mbio. Kwenye kona moja ya mteremko niligusa breki, na mpira ukateleza kana kwamba ni ubao.

Mimi nilichubuka mikono. Mdogo wangu alivunjika mguu mahali pawili. Mtihani wa mwaka ule hakuufanya. Aliwasikia wenzake wakihesabu siku, naye yuko kitandani. Alifanya mwaka 2010, akafaulu, na leo ni mwalimu. Nimemwomba ruhusa niyaseme haya, naye amekaa pale safu ya tatu. Mpaka leo akipanda ngazi hutanguliza mguu wa kulia. Siku niliyorudi kuiosha ile pikipiki niliupekua mpira. Ulikuwa umeandikwa 1801: wiki ya 18 ya mwaka 2001. Mpira niliouita mpya ulikuwa na miaka minane. Nilibonyeza ukucha juu ya kashata, haukuingia hata kidogo.

Wengine waliniambia nimlaumu mwenye duka. Labda na yeye hakujua kusoma namba zile. Lakini mimi nilikuwa na shahada, na nilinunua kwa macho. Rahisi inavunja upishi, walisema wazee. Kwangu ilivunja mguu wa mdogo wangu.

Basi naomba muondoke na mambo haya machache. Mosi, tia ukubwa ulioandikwa na mtengenezaji wa chombo chako. Pili, soma namba ya mzigo kabla ya kupakia. Tatu, soma wiki na mwaka. Ukiona umri mkubwa, rudisha hata kama unang'ara. Bonyeza ukucha: mpira mzuri hukubali kidogo. Nne, angalia mshale wa mwendo pembeni, fundi asiutie kinyume. Tano, mpira mpya una utelezi wa kiwandani. Siku za mwanzo nenda taratibu, hasa kwenye kona. Sita, pima upepo kila wiki asubuhi, chombo kikiwa hakijatembea, wala usipime kwa teke la kiatu. Saba, kama pesa ni chache na mipira yote miwili imechoka, usitie mmoja mzuri ukajidanganya kuwa umemaliza. Wote wawili hukushika ardhini kwa sehemu isiyozidi kiganja cha mkono kila mmoja. Viganja viwili hivyo ndivyo vinavyobeba wewe, abiria wako na mtihani wake.

Na juu ya mashindano ya usiku barabarani, ambayo najua yapo na nyinyi mnajua kuwa najua: kiwanja cha Dubai hakina mtoto anayevuka kwenda madrasa, hakina ng'ombe, hakina jamvi la karafuu. Gari zote zinakwenda upande mmoja. Barabara yetu si hivyo. Anayependa mbio namwambia asome, afanye kazi, na siku moja aende akalipe aingie kiwanjani. Sitamzuia, nitamwuliza tu ametia mpira gani.

Ndugu Mwenyekiti, sikuja mikono mitupu. Nimeleta kipima upepo kimoja na pampu ya mguu moja. Vitakaa ofisini kwa Mwalimu Mkuu, na mwalimu au mwanafunzi yeyote mwenye chombo cha maringi mawili ataazima na kurudisha. Si zawadi kubwa, na mshahara wa serikali mnaujua. Lakini ninawaomba wanafunzi wenzangu wa zamani kwamba kila mmoja anapokuja kututembelea, kabla ya kusalimiana na ukuta aliouandika jina lake zamani, apite kwanza chini ya mwembe aangalie ile mipira. Akiuona wenye kipara, amwite mwenye chombo, wazungumze. Mimi mwaka 2009 sikuwa na mtu wa kuniita.