Mvule haupandwi sawa mihogo

Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa memba, Baraka



Wengi wenu, kurudi kutoka Nyarugusu, mulituuliza: «Mvule wa baba uko wapi?» Mulikuta kisiki. Wengine hata kisiki hamukukikuta, kilishakuwa makala. Kwa jamaa nyingi ule muti ulikuwa mupaka wa shamba, tena akiba: milango, vitanda, mitumbwi. Mchwa hauwezi mbao zake. Njo maana tunasema leo juu ya kuupanda tena.

Kwanza tuseme kosa letu. Mwaka wa kwanza tulipanda mvule tupu, kwa mistari, kwenye jua kali. Picha zilikuwa nzuri na ripoti ikapendeza. Kisha ncha na majani machanga yakavimba, yakaoza, miche ikakauka kuanzia juu. Ni kadudu kadogo kanaitwa Phytolyma. Kanataga mayai kwenye jani changa, watoto wake wanaingia ndani, jani linavimba na kuwafunika. Mama mumoja akatuuliza: «Kule porini, muliona wapi mvule yote imesimama pamoja?» Hatukuwa na jibu.

Sasa tunafanya hivi.

Mbegu: Kuko mvule dume na mvule jike, jike ndio unazaa. Okoteni matunda yaliyoiva chini yake. Popo wanayapenda, na ndio wanatawanya mbegu, basi musiwafukuze. Loweka matunda mpaka yalainike, ponda, osha, anika mbegu kivulini. Ni ndogo sana, na hazikawii kupoteza nguvu, kwa hiyo zipandeni mapema.

Pepinieri: Udongo laini wenye mbolea ya majani. Funika mbegu kidogo tu, weka kivuli cha majani ya ngazi, mwangia maji. Kisha majuma 2 ao 3 zinaota. Kivuli kinaondolewa polepole.

Shamba: Panda mvua ikishika vizuri, mwezi wa 10 ao wa 11. Weka muti mumoja mumoja kati ya ndizi na mihogo, mbali na mwenzake, hatua 15 ao zaidi. Mwanzoni kivuli kidogo kinausaidia. Ukishapanda juu unataka jua, basi punguza ndizi. Ukiona vivimbe, kata ncha ile na uichome. Wakati wa kiangazi, safisha majani makavu pembeni yake juu ya moto.

Sasa neno gumu. Kwetu, mwenye kupanda muti wa kudumu anasema: «Shamba hili ni langu.» Kama shamba liko na mabishano kati ya aliyerudi na aliyebaki, usipande kwanza. Muche mumoja unaweza kuwasha moto kati ya nyumba mbili.

Mama mumoja aliyerudi alituomba miche. Tulipofika shambani, tulikuta jirani analima pale tangu miaka ya vita. Tukarudisha miche pepinieri. Yule mama alikasirika sana, akatuambia tunasaidia wanyang'anyi. Ilichukua vikao vitatu mbele ya kapita. Hakupata yote aliyodai, na hatutasema ameridhika. Lakini leo miche minne iko pale kwenye mupaka waliokubaliana, na jirani mwenyewe ndiye anafukuza mbuzi.

Wafadhili wetu, mvule wa kupasua mbao unaomba miaka 50 na zaidi. Mradi wa miaka 2 unahesabu miche iliyogawanywa. Tunawaomba: muhesabu ile iliyo hai kisha kiangazi cha tatu. Hesabu itakuwa ndogo, lakini itakuwa ya kweli. Tena musaidie vikao vya mipaka, maana bila hivyo miche itang'olewa usiku.

Memba wetu, hatuombi kila nyumba ipande pori. Mivule mitatu inatosha, na itunzwe. Chini yake mutaendelea kuvuna ndizi na mihogo yenu. Mbao ni za wajukuu.

Miche iko tayari pepinieri. Mwenye kuitaka aje na karatasi ya mapatano ya mupaka. Kama hana karatasi, aje na jirani yake.