Taa Imezimwa, Gari Bado Linaumwa

Tangazo la ukaguzi wa magari mmelisikia wiki nzima, hapa Bukoba na kule Muleba, hatuna haja ya kulisoma tena. Matairi, breki, taa, vioo, mikanda, kisha stika. Vizuri. Kinachotusumbua sisi ni foleni iliyoanza kwenye gereji zetu tangu tangazo litoke: foleni ya kufuta taa.

Taa tunayoisema ni ile ya njano yenye picha ya injini pale kwenye dashibodi. Gari limeshushwa injini, limebadilishwa ringi na gasketi ya silinda hedi, mwenye gari amelipa, na kabla hajafika Kyetema taa imewaka. Anarudi. Fundi anachomeka mashine chini ya usukani, anasoma namba, anabonyeza, taa inazima, gari linaondoka. Kafuta. Hajatengeneza.

Namba zile zinasema kitu. P0171 inasema injini inapata hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo. Injini iliyotoka kufunguliwa, pa kuanzia kutazama panajulikana: mpira wa vakyumu uliosahauliwa, au bomba la hewa ambalo klipu yake haikukazwa. Gasketi ya manifoldi ya ekzosi ikivuja, sensa ya oksijeni inanusa hewa ya nje, inaidanganya kompyuta, na kompyuta inaongeza petroli ambayo injini haikuihitaji. P0016 inasema krankishafti na kamshafti hazipatani, na baada ya kushusha injini mara nyingi maana yake cheni ya taimingi imefungwa jino moja nje.

Halafu kuna P0420. Hii inasema masega, kile kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi, hayasafishi moshi inavyotakiwa. Haijasema ng'oa masega! Injini iliyokunywa oili miezi mingi kabla ya kufanyiwa matengenezo imeyapaka masega hayo uchafu wa oili. Pengine kosa ni ekzosi inayovuja, pengine ni waya wa sensa uliolazwa juu ya bomba la moto ukaungua. Hata ile gundi ya silikoni inayopakwa kwenye gasketi, kama si ya aina iliyo salama kwa sensa, mvuke wake unaiua sensa taratibu. Yote haya yanahitaji mtu ainame atazame. Lakini ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, wanunuzi wapo, na ushauri unakuja haraka: toa hayo, hayana kazi. Yanatolewa, bomba tupu linachomelewa, namba inarudi, inafutwa tena. Kafuta. Hajatengeneza.

Ukifuta, hupotezi taa peke yake. Kompyuta ilikuwa imehifadhi hali ya gari wakati kosa linatokea: mwendo, joto la injini, mzigo. Hayo yote yanakwenda. Ni sawa na kuchana majibu ya maabara na kumwambia mgonjwa wa malaria kwamba amepona. Yale majaribio ambayo gari hujifanyia lenyewe, la masega, la sensa, la mvuke wa petroli kwenye tangi, nayo yanaanza upya. Hayamaliziki kwa kuungurumisha injini uwanjani. Yanataka gari liwashwe likiwa baridi, litulie kidogo, liende mwendo usiobadilikabadilika, kisha pedeli ya mafuta iachiwe. Na makosa mengi lazima yaonekane safari mbili mfululizo ndipo taa iwake. Kwa hiyo gari linatoka Rwamishenye limetulia kabisa, kesho yake taa inawaka likipanda kwenda Kamachumu, na dereva wa teksi ya mchomoko, mwenye hesabu ya bosi kichwani na abiria wawili kiti cha mbele, hasimami. Hata taa ikipepesa hasimami, ingawa kupepesa ni hatari zaidi: silinda haichomi vizuri, petroli mbichi inaingia kwenye ekzosi kuyaunguza masega.

Mafuta machafu hatuwezi kuyasingizia tena. Petroli yenye risasi, iliyokuwa ikiua masega, iliondolewa kusini mwa Sahara kufikia 2006. Dizeli ya Afrika Mashariki ilipunguziwa salfa kuanzia 2015. Kanuni za ubora wa hewa tunazo tangu 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Gari linatoka Japani na masega yake, tunakuja kuyang'olea huku.

Wala tusiwabebeshe mafundi peke yao. Mwenye gari aliyelipia injini nzima halafu analia kulipia saa moja ya kupima, naye yumo. VETA wana chuo cha mkoa pale Burugo. Wakiandaa mafunzo mafupi ya jioni ya kusoma namba hizi, sisi tutayatangaza bure.

Lakini hatusubiri mafunzo. Mwenye gari, kabla mashine haijabonyezwa kufuta, dai namba ziandikwe kwenye karatasi! Piga picha kwa simu yako! Injini ikishafungwa, lipeleke gari mpaka Muleba na kurudi, kisha lisomwe tena, ndipo umalizie malipo. Fundi akikataa kuandika, ondoa gari lako. Akikwambia masega hayana kazi, ondoa gari lako!

Na wewe mkaguzi wa kesho asubuhi, kabla hujabandika stika, mwambie dereva azungushe ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya injini lazima iwake. Isipowaka, huenda kuna mtu ameing'oa balbu au ameibandika plasta. Usibandike stika. Injini ikishawaka na taa ikabaki, usibandike. Uliza namba.