Cheti cha Skramu na Faida Yake Kazini

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa siku ya mkutano wetu wa mwaka)

  Nimeombwa niwaeleze vijana jinsi mtu wa kompyuta awezavyo kupanda ngazi kazini. Nitasema juu ya jambo moja tu nililolifanya mwenyewe, nalo ni kupata cheti cha kwanza cha skramu.

Kwa miaka sita nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja. Printa ikikwama, naitwa. Mtu akisahau neno la siri, naitwa. Mipango ikipangwa, siitwi. Wakati huo ofisi iliagiza programu ya kuhesabu mali ya ghala. Wajenzi wake walijifungia karibu mwaka mzima, na makarani wa ghala hawakuulizwa neno. Siku ya kukabidhiwa, makarani waliikataa, maana ilidai namba za risiti ambazo wao hawakuzitumia kabisa. Fedha zikapotea, na makarani wakarudia madaftari yao. Hapo nikataka kujua kama iko njia bora, nikaikuta skramu.

Ninyi mnaocheza raga mnaijua skramu: mabega pamoja, wote wakisukuma upande mmoja. Mwaka 1986 wataalamu wawili wa Kijapani, Takeuchi na Nonaka, waliufananisha mchezo huo na vikundi vinavyounda bidhaa mpya. Baadaye Wamarekani Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliunda utaratibu wa kazi kwa jina hilo, wakautangaza mwaka 1995. Kikundi kidogo, kwa kawaida watu wasiozidi 10, hujiwekea muda usiozidi mwezi, uitwao sprinti. Kila siku hukutana kwa dakika 15 kupima mwendo wao. Sprinti ikiisha, huwaonyesha wenye haja kitu kinachofanya kazi, nao husema palipopinda. Lau makarani wale wangalionyeshwa kazi mwezi wa kwanza, jambo la risiti lingalijulikana mapema.

Cheti nilichokifanyia mtihani hutolewa na Scrum.org, shirika aliloanzisha Schwaber mwaka 2009. Huitwa Professional Scrum Master, daraja la kwanza. Si lazima kuhudhuria darasa. Maswali ni 80 kwa dakika 60, na kufaulu ni asilimia 85. Yaani upate 68, kila swali sekunde 45. Mtihani hufanywa kwa intaneti, basi hakikisheni umeme na mtandao. Ada hulipwa kwa dola, na anayejisomea akianguka hulipa tena. Kwa hiyo msikimbilie kulipa. Kitabu cha mwongozo, kilichosahihishwa mwaka 2020, hupatikana bure, na kurasa zake hazifiki 20. Liko pia jaribio la bure la mazoezi. Mimi nilisoma kila alfajiri kwa miezi miwili, nikangoja mpaka jaribio lile nilipate lote mara kadhaa.

Je, cheti kilinipa cheo? Mwezi ule mshahara haukuongezeka hata senti. Lakini nilipoomba kushiriki katika mradi mpya, mkuu wangu alikuwa na sababu ya kunisikiliza. Nikapewa kazi ndogo ya kuwakutanisha wajenzi na makarani kila wiki mbili. Kazi ikaenda sawa, na mwaka uliofuata nikahamishiwa idara ya miradi.

Vijana, wapo watakaowaambia kwamba karatasi hiyo pekee ni ajira. Msiwaamini, wala mzazi asiuze ng'ombe kwa ajili yake. Jifunzeni kwanza kazi yenyewe: kuandika programu, kuipima, na kumsikiliza atakayeitumia. Klabu yenu ya kompyuta yaweza kuanza muhula huu. Tengenezeni orodha ya vitabu vya maktaba, na kila wiki mbili mwonyesheni mtunza maktaba mlipofika.

Nanyi wazee wenzangu mlio na ofisi, mnapokaa kupanga, mwiteni na fundi wa printa.